Nimehamishiwa Lushoto: baridi ikoje, watu wakoje, na nikanunue shamba?

Swali la dada mmoja muuguzi kutoka Dodoma, nalifupisha: amepata uhamisho kwenda Lushoto, ana mtoto wa miaka miwili, hajawahi kukanyaga mkoa wa Tanga. Ameambiwa kule ni baridi ya kutisha, mwingine kamwambia hakuna malaria kabisa, mwingine kamwambia wenyeji ni wagumu kuzoeleka. Anataka kujua nchi yenyewe ilivyo, mvua, watu, nyumba apange sehemu gani, na kama ana akiba kidogo anunue shamba la mboga au aache.

Dada, nitajibu yote ila nianze na jambo moja, ukilishika hilo mengine yatakaa sawa yenyewe. Usiulize Lushoto kuna baridi gani. Uliza nitakaa mita ngapi juu ya usawa wa bahari na mlima wangu unatazama upande gani. Nimefanya kazi ya udongo na maji kwenye milima ile muda mrefu na nakwambia hakuna kitu pale, iwe mvua, mahindi, malaria, bei ya ardhi au hata historia ya ufalme wao, ambacho hakijapangwa na mwinuko. Watu wanaokwambia "Lushoto ni baridi" na wanaokwambia "Lushoto mbona kawaida tu" wote wanasema kweli, walifikia sehemu tofauti basi.

Safari yenyewe itakuonyesha. Ukitoka Dodoma utapita Morogoro, Chalinze, Segera, Korogwe mpaka Mombo, pale ndo unaiacha barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha unakata kulia kuanza kupanda. Mombo iko kama mita 400 na kidogo, joto lake utalisikia ukishuka kwenye basi, kuna mashamba ya mpunga na mkonge uko jirani. Sasa kutoka hapo mpaka Lushoto mjini ni kilomita 33 hivi za lami nyembamba yenye kona za kufa mtu, unapita Soni penye maporomoko ya maji, na ukifika mjini uko kama mita 1,400. Yaani kwa mwendo wa saa moja na ushee umepanda kilomita nzima kwenda juu. Kanuni ya kawaida ya hewa ni kwamba kila ukipanda mita 100 joto linashuka kama nusu digrii na kidogo, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, ni digrii 6 hivi kati ya Mombo na Lushoto kwa siku hiyohiyo, saa hiyohiyo. Na Lushoto mjini siyo juu kabisa. Ukiendelea kwenda Magamba, Shume, Rangwi unavuka mita 1,800 na vilele vya huko Shagayu vinapita mita 2,200. Kwa hiyo ukisikia mtu analalamika baridi imemtoboa mifupa muulize alikuwa Shume au alikuwa mjini.

Wengi wanadhani Usambara ni milima ya volkano kama Kilimanjaro kwa sababu iko njia ileile, hapana. Hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima unaoanzia Taita kule Kenya, unakuja Pare, Usambara, Nguru, Uluguru mpaka Udzungwa. Ni mawe ya zamani sana ya ardhini yaliyoinuliwa kwa mipasuko, ndo maana kingo zake zimesimama wima kama ukuta. Usambara yenyewe ni mbili, ya Mashariki kule Amani na Muheza, na ya Magharibi ambako ndiko unakoenda wewe, katikati yake kuna bonde la Lwengera. Upande wa kaskazini magharibi bonde la Mkomazi ndo linaitenga na Upare. Ukipata nafasi nenda Irente, siyo mbali na mjini, simama ukingoni uangalie chini, utaona Mazinde na nyika yote inaenda mpaka macho yanachoka, kama kilomita moja chini yako. Pale utaelewa ninachosema kuliko maelezo yangu yote haya.

Kwa nini nimekutajia mambo ya mawe? Kwa sababu udongo wa volkano ni kitu kingine na udongo wa Lushoto ni kitu kingine. Huu ni mwekundu, mzee, umeoshwa na mvua miaka na miaka, rutuba yake imekaa kwenye tabaka la juu tu, lile jeusi jeusi. Likienda hilo na maji umebaki na udongo mwekundu ambao bila samadi hautoi kitu. Nitarudi hapa kwenye suala lako la shamba.

Mvua sasa. Wewe unatoka Dodoma, umezoea msimu mmoja, mvua zinaanza Desemba zinaisha Aprili halafu ni vumbi mpaka mwaka ukate. Lushoto wana misimu miwili mikubwa, masika ya Machi mpaka Mei na vuli ya Oktoba mpaka Desemba, na katikati hapo kuna manyunyu wanayaita mluati, siyo mvua ya kukulowesha ukimbie ila inatosha kuwafanya watu wapande mboga au maharage sehemu zenye unyevu. Kwa mwaka mjini inanyesha kama milimita 1,000 na kidogo, karibu mara mbili ya Dodoma. Lakini hapa tena usikariri namba moja. Upepo wenye mvua unatoka baharini, wa kusi na wa kaskazi, ukifika mlimani unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unamwaga maji. Anayepokea wa kwanza ni upande wa kusini na mashariki, kule Bumbuli, Mponde, Mazumbai, ndo maana chai iko kule, na sehemu nyingine za huko mvua inakaribia milimita 2,000. Upepo ukishavuka unafika upande wa pili mkavu, kwa hiyo Mlalo na Mtae wanapata pungufu, na ukiteremka kabisa kwenye mbuga za Mkomazi na Umba unakuta mikwaju, mibuyu na ng'ombe. Ni wilaya moja, ila unaweza kutoka kwenye ukungu na misitu ya kijani ukafika kwenye miiba ndani ya nusu siku.

Na jambo ambalo wakulima wote wa kule wanalijua, masika unaweza kuiamini kiasi, vuli usiiamini. Vuli kuna mwaka inakuja kama mafuriko, El Niño ya 1997 kwenda 1998 kila mtu mzima kule anaikumbuka, na kuna mwaka inakuja wiki mbili inapotea. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia nipe hela tulime vuli uulize maji ya kumwagilia yako wapi.

Baridi yenyewe, kwa kuwa ndo imekutia hofu zaidi: wastani wa mwaka mjini ni kama digrii 17 mpaka 18. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndo yenyewe, mchana unaweza kuvaa sweta siku nzima na usiku kipimo kinashuka mpaka karibu digrii 10 na siku nyingine chini ya hapo, halafu kuna ukungu na manyunyu yanayofanya nguo zisikauke siku tatu. Hiyo ya nguo kutokauka kwa mwenye mtoto mdogo ndo itakusumbua kuliko baridi yenyewe, nakwambia ukweli. Januari na Februari kunakuwa na jua zuri, mchana utaona kama uko Dodoma tu, jioni ndo unakumbuka uko wapi. Beba sweta nzito za mtoto, soksi, blanketi la maana siyo shuka, na gambuti zako wewe maana masika barabara za vijijini ni tope tupu na kazi ya uuguzi itakupeleka huko kwenye kliniki za mkoba.

Ila tafadhali sana, hili nalisema kwa msisitizo. Watu wageni wakishikwa na baridi wanaingiza jiko la mkaa chumbani wanafunga dirisha wanalala. Wewe ni muuguzi unajua hewa ya ule mkaa inaua bila harufu, lakini nimeona watumishi wanaojua wakifanya hivyohivyo. Jiko likae nje mpaka liwake vizuri, ukiota moto mlango wazi, ukienda kulala jiko linatoka. Kwa mtoto wa miaka miwili usijaribu hata siku moja.

Nyumba upange wapi? Mji wa Lushoto umekaa bondeni, milima imeuzunguka. Hewa baridi ni nzito, usiku inateremka kutoka kwenye miteremko inakusanyika chini, kwa hiyo nyumba iliyo bondeni kabisa karibu na mto inakuwa na baridi kali alfajiri kuliko nyumba iliyopanda kidogo kwenye mteremko, ingawa ile ya juu ndo ingetakiwa iwe na baridi zaidi kwa ile kanuni niliyokupa. Halafu angalia inatazama wapi. Lushoto iko kusini ya ikweta, kama digrii 5 hivi, miezi ya baridi jua linapita upande wa kaskazini, na upepo wa kusi unapiga kutoka kusini. Kwa hiyo mteremko unaotazama kaskazini unapata jua na umejikinga, ule unaotazama kusini unapata upepo na kivuli. Kama unakwenda kuangalia vyumba mwezi wa Januari hutaona tofauti, ila Julai utaiona kwenye kuta, zile zenye ukungu mweusi wa unyevu pembeni. Muulize jirani, siyo mwenye nyumba, jua linaingia saa ngapi asubuhi. Kuna nyumba mlima unalizuia mpaka asubuhi inakwisha.

Malaria. Aliyekwambia hakuna kabisa amekudanganya kwa nia njema. Ukweli ni kwamba inapungua sana kadiri unavyopanda kwa sababu mbu na vimelea vyote vinachelewa kukua kwenye baridi. Kuna utafiti ulifanyika milima hiyohiyo ya Usambara, wakapima maambukizi kuanzia mita 300 kule chini mpaka 1,700 juu, tofauti ikatoka kama mara elfu moja. Mara elfu, ndani ya milima ambayo unaipanda kwa basi moja. Lakini faida hiyo ina upande wake wa pili, watu wa juu hawana kinga waliyonayo watu wa chini, kwa hiyo mwaka wa joto na mvua nyingi malaria ikipanda inawakuta hata watu wazima wanaumwa vibaya kama watoto. Na watu wa kule hawakai juu muda wote, wanashuka Mombo, wanashuka Mnazi na Mng'aro kulima, wanarudi nayo. Mtoto alale kwenye chandarua, mkishuka Korogwe au Tanga mjini ndo kabisa, na homa ipimwe usiseme huku hakuna.

Cha pili upande wa afya, wazee wa kazi watakuhadithia tauni. Kuanzia 1980 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya vijiji vya Lushoto vilikuwa vinapata milipuko ya tauni, ile ya panya na viroboto, watu walikufa. Sikwambii ili uogope, nakwambia kwa sababu ni vizuri muuguzi mgeni ajue historia ya mahali: ukiona panya wanakufa ovyo kijijini hiyo ni habari ya kupeleka wilayani siku hiyohiyo, na mgonjwa mwenye homa na uvimbe kwenye kinena au kwapa usimpite haraka. Nyumbani usilale chumba kimoja na magunia ya mahindi.

Sasa watu. Wenyeji wakubwa ni Wasambaa, Kisambaa utakisikia sokoni, kwenye daladala, hata kwenye benchi za wodini kwako, ila Kiswahili wote wanajua, hutapata shida. Wako pia Wapare wengi, na wako Wambugu ambao wageni huwa hawawajui kabisa. Hawa Wambugu walikuwa wafugaji wa juu kabisa kwenye baridi, maeneo ya Magamba, Rangwi na Shume, na lugha yao wataalamu wa lugha duniani wanakuja kuisoma, kwa sababu sarufi yake ni ya Kibantu inafanana na Kipare wakati maneno yake mengi asili yake ni ya Kikushi, jamii ya lugha kama Kiiraqw na Kisomali. Lugha za namna hiyo ni chache mno. Watu hao unaweza kukutana nao wanakuletea maziwa asubuhi.

Angalia hata makabila yalivyopangwa kwa mwinuko. Juu kabisa kwenye baridi na majani, Wambugu na ng'ombe. Katikati kwenye migomba na maharage, Wasambaa. Chini nyikani, Wazigua na wafugaji wa Kimasai. Msambaa mwenyewe anaigawa dunia mara mbili, Shambaai ambayo ni kwao mlimani, na nyika kule chini. Ila hakuikimbia nyika moja kwa moja. Ukitazama vijiji vya zamani kama Vuga na Mtae, vimekaa ukingoni mwa mlima na siyo katikati, na siyo bahati mbaya. Ukingoni una migomba yako juu na shamba lako la mahindi chini, mvua ikigoma huku unavuna kule, na adui akija unamwona mapema. Hiyo ni akili kubwa ya kilimo na mimi naiheshimu sana, ni bima ya mazao iliyokuwepo kabla mtu yeyote hajawaletea neno bima.

Ufalme wao nao. Wasambaa walitawaliwa na ukoo wa Wakilindi, mwanzilishi wao Mbegha, mwindaji aliyetoka Unguu, simulizi zinasema alikuja anaua nguruwe wanaoharibu mashamba anawagawia watu nyama mpaka wakamfanya mfalme. Makao yao yalikuwa Vuga. Kimweri ye Nyumbai ndo alikuwa mkubwa kuliko wote, mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 akamkuta anatawala mpaka kuelekea pwani. Kimweri alipokufa 1862 Wakilindi wakagombana, na sababu kubwa ilikuwa hiihii ya mwinuko ninayokuimbia: biashara ya misafara ya pembe na watumwa ilikuwa inapita chini, nyikani. Semboja, mwanawe, akajenga Mazinde huko chini kwenye njia ya misafara, akapata bunduki, na nguvu ikashuka mlimani ikaenda tambarare. Wajerumani walipokuja wakafanya kinyume. Reli ya kutoka Tanga ilipita chini ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi 1911, lakini boma wakalipeleka juu kwenye bonde la baridi wakaliita Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Walifuata hewa kama ya kwao na kukimbia homa. Majengo yao mengine utayaona bado yamesimama, na ardhi waliyojikatia huko juu nyingine ilikuwa malisho ya watu.

Dini, Waislamu ni wengi na Wakristo ni wengi, Walutheri hasa, makao makuu ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT yako hapohapo Lushoto, Wakatoliki nao wana misheni za zamani kama Gare. Familia moja utakuta baba mkubwa Mwislamu baba mdogo Mlutheri na msiba ni mmoja. Hao waliokwambia ni wagumu kuzoeleka nadhani walipita bila kusalimia. Kule salamu ina kazi, huwezi kumpita mzee njiani kimya ukategemea kesho akuuzie maziwa. Usione ajabu wanaume wakiitana "mgoshi", ni heshima. Utaalikwa harusi utacheza mdumange, ngoma yao, hutaki unataka, utalishwa makande, na ukiwa muuguzi mwenye lugha nzuri kwa mama zao utarudi nyumbani na kabichi kila wiki bila kununua. Kina mama ndo wamebeba ule mji, hili lieleweke, mizigo unayoiona inapanda na kushuka mlima alfajiri iko vichwani mwa wanawake, na mjamzito utakayempokea wodini huenda jana yake alibeba debe la viazi kilomita kadhaa. Mpe muda wake.

Tatizo kubwa la wilaya ni ardhi. Sensa ya 2012, Lushoto ikiwa bado inahesabiwa pamoja na Bumbuli, ilikuta watu 492,441 kwenye eneo la kama kilomita za mraba 3,500. Ukigawa unapata watu 140 kwa kilomita ya mraba, inaonekana siyo mbaya, ila ile hesabu imechanganya nyika tupu na misitu ya hifadhi kama Magamba ambako hakuna anayeruhusiwa kulima. Ukiondoa hayo, waliobaki wamebanana kwenye miteremko, baba anagawa shamba kwa watoto watano, kila mmoja na vipande vyake vitatu vinne kila kimoja mlima wake. Vijana wengi wameshuka Tanga na Dar, na pesa wanayotuma ni sehemu ya uchumi wa kule.

Ndo tunafika kwenye shamba lako. Mabonde ya Lushoto yanalima viazi mviringo, kabichi, karoti, hoho, nyanya, liki, letusi, na juu kuna matunda ya baridi, plamu, mapichi, mapeasi, na parachichi siku hizi. Fuso zinashuka usiku kwenda Dar. Ukiona ile biashara kwa macho utatamani siku hiyohiyo. Lakini pesa iko bondeni, siyo mteremkoni. Bondeni kuna maji mwaka mzima, ndo maana vipande vya bondeni havipo sokoni hovyohovyo, ni vya ukoo, na vikiuzwa bei yake ni ya juu na mara nyingi kuna shangazi au kaka yuko Dar hajaulizwa. Utakachoonyeshwa wewe mgeni ni mteremko, tena mkali, kwa bei ya kuvutia.

Huo mteremko una historia. Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu wa bonde la Mlalo na sehemu nyingine kulima kwa matuta kuzuia mmomonyoko. Kitaalamu wazo halikuwa la kijinga, udongo ulikuwa unaondoka kweli, ila walilazimisha kwa faini, kazi ikawaangukia kina mama, na watu wakaona ni njia ya kuwanyang'anya ardhi, wakagoma mpaka mpango ukaachwa. Baadaye kuanzia mwaka 1980 ukaja mradi wa kuhifadhi udongo ulioitwa SECAP, kwa msaada wa Wajerumani, ukafanya kazi miaka kama 20, safari hii kwa majani ya gwatemala na miti iliyopandwa kwa kukingama mteremko, majani yanashika udongo na ng'ombe wa ndani anakula. Huo watu waliukubali zaidi kwa sababu jioni mtu alikuwa anapata maziwa, siyo faini. Mpaka leo ukiona mistari ya majani marefu mlimani jua hapo kuna mtu anajua anachofanya.

Kwa hiyo ushauri wangu, mwaka wa kwanza usinunue kitu. Kodi kipande kidogo cha bondeni kwa msimu, lima maharage na viazi kidogo, ujue bei zinavyoyumba na madalali wanavyokuja. Usikariri kalenda ya Dodoma, mahindi ambayo huko yanakomaa miezi mitatu na kitu, kule juu kwenye baridi yanaweza kukaa miezi sita shambani. Kama baadaye utanunua, nenda shambani mara mbili, mara moja katikati ya Aprili mvua inaponyesha uone maji yanapita wapi na yana rangi gani, mara ya pili Septemba uone kama kijito bado kina maji. Maji ya Aprili yakiwa mekundu kama chai ya rangi huko juu ya shamba lako kuna mtu analima vibaya, na tatizo lake litakuwa lako. Chimba kwa jembe uone lile tabaka jeusi lina unene gani, likiwa la vidole viwili achana nalo. Pima umbali kutoka mtoni, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na mabonde mengi yanayouzwa yako humo ndani. Ardhi ya kijiji ipite kwenye halmashauri ya kijiji na mkutano, majirani wa pande zote nne wasaini, na kaka wa Dar apigiwe simu mbele yako.

La mwisho ni barabara. Kati ya Mombo na Soni mlima umekatwa ubavuni, mvua kubwa ikinyesha siku mbili tatu mfululizo udongo na mawe yanaporomoka na njia inafungwa, wakati mwingine kwa masaa, wakati mwingine kwa siku. Mwezi wa Aprili na Novemba usipande wala kushuka usiku na mtoto. Ukifika Mombo jioni mvua inapiga, lala gesti hapohapo, kafunge chandarua, upande asubuhi.